Kula si Kuharibu



Kwanza mtusamehe kwa ukurasa wa mpira. Haumo safari hii. Stensili zimebaki mbili tu, na neno hili tunaloandika haliwezi kungoja, maana kamati ya wazazi itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na kisha hapo kusema kutakuwa kazi ya bure.

Mnamkumbuka yule mgeni aliyetutembelea wakati wa mvua. Alikuwa mtu mwema, tunasema hivyo bila kinyongo. Alipanda mlima kwa miguu tangu Baraka, viatu mkononi, na alipofika hakuomba hata kupumzika. Kalasi ya tano na ya sita zikakusanywa pamoja, akachukua chaki, akaandika juu ya ubao namba nne: China 39, Ulaya 52, Marekani 68, Kenya 75. Akatueleza ya kuwa katika kila sehemu 100 za pato la inchi, hizo ndizo sehemu ambazo jamaa za inchi ile zinatumia kwa kula, kuvaa, kulala, kujitibisha na mambo mengine ya nyumbani. Akauliza: inchi gani imeendelea mbio zaidi kwa hii miaka makumi mane? Tukajibu wote: China. Akauliza tena: na inchi gani inakula kidogo? China! Ndipo akageuka akatuangalia, akasema, "Munaona basi. Mutu anayekula mbegu yake atavuna nini?" Akamalizia na habari za Yosefu kule Misri, jinsi alivyoweka ngano ghalani. Tukapiga makofi. Hata sisi tunaoandika tulipiga.

Juma lililofuata, mzee mmoja wa kamati akaleta shauri. Maharagi ya shamba la shule, yale yanayopikwa saa sita kwa ajili ya wanafunzi wanaotoka mbali, yasipikwe tena. Yashushwe Baraka, yauzishwe, na feza yake inunue mabati ya jengo la pili. "Tujifunze akiba kama Wachina," alisema. Na tunasikia wazee wengi wamelikubali shauri lile.

Tunawaheshimu wazee wetu. Mabati tunayataka kabisa, maana sisi njo tunaolowana. Lakini tunaona shauri hili limejengwa juu ya namba ambazo zimesomwa upande mmoja tu. Namba za mgeni hazikuwa za uongo. Tulimwomba mwalimu wetu wa uchumi atueleze, na tangu siku ile tumekaa naye mara tatu kisha masomo. Haya tunayoandika tumeyajifunza hapo, lakini maoni ni yetu, asilaumiwe yeye.

Pato la jumla la inchi, lile ambalo katika daftari zetu linaitwa PIB, unaweza kulihesabu kwa njia ya matumizi. Unachukua vile jamaa zinavyotumia. Unaongeza vile serikali inavyotumia kwa kazi zake, kama mishahara ya walimu na ya askari. Unaongeza vile vinavyojengwa na kununuliwa vipate kuzaa kesho: barabara, mashini, nyumba, mifugo ya kuzalisha. Kisha unaongeza vilivyouzishwa inje na kutoa vilivyonunuliwa inje. Basi. Zote pamoja zinafanya 100. Kipande kimoja kikiwa kikubwa, vingine vinabanwa. Ni kama bugali juu ya sahani: mmoja akimega sana, wengine wanaona kidogo. Lakini hesabu hiyo haikuambii kama sahani yenyewe ni kubwa ao ndogo.

Tuchukue nyumba mbili za mfano. Nyumba ya kwanza inapata vikapu 10 vya muhogo kwa mwaka, inakula 8. Nyumba ya pili inapata vikapu 100, inakula 68. Mwenye kupima kwa mia atasema: nyumba ya kwanza ni ya walafi, wanakula 80 kwa mia, ya pili ina kiasi, inakula 68 tu. Lakini mtoto wa nyumba gani analala na njaa? Marekani mwaka 2023 kila mtu, ukigawa sawasawa, alikuwa na pato linalopita dola 80 000. Kwetu Congo ni dola 650 hivi, nayo ni ya kugawa kwa karatasi tu, siyo ya mufukoni. Mmarekani akila 68 kwa mia, anakula nyama, anakula gari, anakula tikiti ya ndege, na bado anabakiza. Mama wa hapa Bibokoboko akila 90 kwa mia amekula muhogo, sombe, chumvi na sabuni. Tena sabuni haishibishi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1857 mtaalamu mmoja Mjeremani, Ernst Engel, alichukua hesabu za nyumba za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kwamba jamaa ikiwa maskini zaidi, sehemu kubwa zaidi ya feza yake inakwenda kwa chakula. Ubelgiji, wapenzi! Wale wale ambao baadaye walikuja kuwaambia babu zetu kwamba hawajui kuweka akiba. Engel hakusema Mbelgiji maskini ni mlafi. Tumbo lina kipimo chake, na mwenye kidogo kipimo kile kinammaliza. Hiyo njo yote.

Sasa tuje kwa ile miungano ya inchi, maana mgeni alisema "Ulaya" kama vile Ulaya ni nyumba moja. Umoja wa Ulaya una inchi 27, na kweli ukizichanganya zote jamaa zinatumia nusu ya pato na kidogo. Lakini fungua ndani. Ugiriki inatumia karibu 68 kwa mia, kama Marekani. Irlandi inatumia chini ya theluthi moja. Je, Wairlandi wanafunga saumu? Hapana. Kampuni kubwa za inje, hasa za Marekani, zimeandikisha faida zao pale, kwa hiyo pato la Irlandi katika vitabu limevimba, lakini feza ile nyingi haipiti katika jikoni ya Mwirlandi. Ukigawa matumizi kwa namba iliyovimba, unapata kidogo. Mtu anayesoma juujuu atasema Wairlandi ni wenye akiba kuliko wote.

Hii habari ya Irlandi ilitushangaza, kisha ikatukumbusha nyumbani. Gabon wana petroli, na jamaa zao zinatumia chini ya nusu ya pato la inchi. Na Congo yetu? Congo inatoa kobalti kuliko inchi yoyote duniani, na tangu 2023 imekuwa ya pili kwa shaba. Bei ya shaba ikipanda huko Kolwezi, pato la inchi linapanda, na sehemu ya kula inashuka katika hesabu. Siku ile ile hapa kwetu hakuna kilichobadilika. Mama amepika kiasi kile kile. Lakini katika kitabu amekuwa mwenye akiba! Basi tuulize: ile sehemu isiyoliwa imewekwa fasi gani? Yosefu alijua ghala yake iko wapi. Sisi hatujaonyeshwa.

Upande mwingine kuna inchi zinazokula kupita pato lao. Lesotho kwa miaka mingi matumizi ya jamaa na ya serikali pamoja yamepita 100. Somalia vilevile. Mwanafunzi wa kalasi ya tatu aliuliza, na swali lake ni zuri: mutu anaweza kula aje zaidi ya anachopata? Jibu tunalo hapa hapa. Lesotho wanaume walikwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini wakatuma feza nyumbani. Somalia ndugu wako ng'ambo, wanatuma. Na wangapi kati yetu minervali ya muhula uliopita ilitoka kwa mjomba aliye Nairobi, Kampala ao Marekani, ikaingia kwa simu, ikatolewa Baraka kwa wakala? Ile feza haikuzalishwa Bibokoboko. Lakini imetumika Bibokoboko. Ukigawa tunachotumia kwa tunachozalisha hapa mlimani, labda sisi pia tunapita 100. Si ulafi. Ni kwamba watu wetu wametawanyika.

Tukimaliza Ulaya na Marekani, inabaki kuuliza sisi ni wa muungano gani. Hapa mwalimu alicheka. Congo iko katika SADC tangu 1997, ambayo makao yake ni Gaborone. Iko katika COMESA ya Lusaka. Iko katika CEEAC, iliyoundwa 1983, makao Libreville. CEPGL, pamoja na Rwanda na Burundi, iliundwa Gisenyi mwaka 1976. Na tarehe 8 Aprili 2022, kule Nairobi, ikatia sahihi ya kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya Arusha, ambayo ilizaliwa 1967, ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Somalia nayo ikaingia kisha yetu. Basi mwenye kutaka kutupima atutie wapi? Akitutia pamoja na Kenya na Burundi, ambako jamaa zinakula robo tatu ya pato na hata zaidi, tunaonekana sawa na wenzetu. Akitutia pamoja na inchi za petroli, tunaonekana tunakula sana. Sisi ni wale wale. Kilichobadilika ni meza tuliyokalishwa. Hata ndani ya Afrika Mashariki yenyewe, Tanzania, ambayo tunaona milima yake ng'ambo ya ziwa siku hewa ikiwa safi, inakula chini ya theluthi mbili na kujenga sana, wakati Kenya na Burundi ziko juu. Wastani wa muungano ni kama wastani wa mitihani: aliyepata 90 na aliyepata 30 wanaitwa wote wa 60, na hakuna hata mmoja aliyepata 60.

Na hesabu za Congo zinatoka wapi? Inchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wazazi wengi wa wanafunzi wa shule hii walikuwa hawajazaliwa. Muhogo unaolimwa na kuliwa bila kupita sokoni unapaswa kuingia katika pato, kanuni inasema hivyo, lakini unaingizwa kwa kukadiria. Hakuna aliyepanda hapa kupima vikapu vya mama zetu. Kwa hiyo tusishike namba ya mwisho ya Congo kama vile ni neno lililochongwa juu ya jiwe.

China sasa, maana njo iliyotuletea maneno haya. Ni kweli, jamaa za China zinatumia chini kidogo ya 40 kwa mia, na mwaka 2010 zilikuwa hata karibu na 35. Ni kweli pia kwamba zaidi ya 40 kwa mia imekuwa ikiingia katika kujenga: reli, viwanda, magorofa. Lakini watu wa China hawaweki akiba kwa sababu ya kuhubiriwa tu. Wengi wanaweka kwa hofu, maana ugonjwa na uzee vinaweza kummaliza mtu ambaye hana bima nzuri. Na sehemu nyingine haikupita katika mikono yao hata kidogo, ilibaki kwa makampuni na kwa serikali. Siku hizi viongozi wao wenyewe wanasema wanataka watu wao watumie zaidi. Wachina wanatafuta njia ya kuongeza sahani, na sisi hapa tunataka kupunguza yetu ili tuwafanane!

Tena kuna jambo ambalo hatukulijua kabla, nalo lilitukasirisha kidogo. Katika kanuni za hesabu hii, bati ni kitu cha kujenga, linaitwa akiba iliyopandwa. Sawa. Lakini minervali unayolipa, daftari, kalamu, mshahara wa mwalimu, vyote vinaandikwa upande wa matumizi. Upande wa kula! Baba aliyeuzisha mbuzi ili binti yake asome kalasi ya nne, kitabu cha PIB kinasema amekula mbuzi. Shule ya musingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini sisi wa sekondari tunalipa bado, kwa hiyo kila muhula wazazi wetu wanaonekana "wanakula" sana. Hatusemi kanuni ile ni mbaya kwa kazi yake. Tunasema mtu asiichukue kama kipimo cha nani ana akili na nani hana.

Na sasa tufike pale panapotuuma.

Watu wa milima hii hawakuwa watu wasio na akiba. Akiba ilikuwa na miguu mine. Mfugaji wa hapa hakula ng'ombe wake ovyo. Alikunywa maziwa, akaacha mtamba azae. Ng'ombe alitoka kwa mahari, kwa ugonjwa mkubwa, kwa shule, kwa kesi. Mkulima naye alikuwa na mbuzi wake na mbegu zake juu ya moto zisiliwe na wadudu, na wa huko chini ziwani alikuwa na mtumbwi na nyavu. Hiyo yote ni ile ile sehemu isiyoliwa ambayo mgeni aliisifu. Hatukungoja mtu atufundishe.

Wazee wanasimulia mwisho wa Desemba 1979. Serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha ku benki. Benki iko wapi mlimani? Aliyeweka feza ndani ya chungu alibaki na karatasi ya kuwashia moto. Aliyeweka ndani ya ng'ombe alibaki na ng'ombe. Kisha ikaja Oktoba 1993, zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Na 1998 franka ya Congo moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Fanyeni hesabu wenyewe, ninyi wa kalasi ya komersiale, ni zoezi zuri: aliyeweka zaire moja mwaka 1979 alibaki na nini? Basi wazee wetu walijifunza kwamba akiba ya kweli inakula majani.

Kisha vita. Tangu 1996 mpaka sasa, wenye silaha wa majina mbalimbali wamepita hapa, na hatutaandika majina, maana sisi wa shule hii tumetoka katika nyumba mbalimbali na tunakaa benchi moja. Lakini kila mmoja wetu anajua. Mifugo ikachukuliwa. Oktoba 2021 nyumba zikachomwa hapa hapa Bibokoboko, watu wakashuka Baraka na vitu vile mkono uliweza kubeba. Nyumba iliyokuwa na ng'ombe makumi ikaamka haina hata wa maziwa ya mtoto.

Tulimwuliza mwalimu: ng'ombe waliochukuliwa wanaandikwa wapi katika PIB? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: hawaandikwi. Pato la jumla linaandika kile kilichozalishwa mwaka ule. Halitoi kilichoporwa. Kanuni za hesabu za taifa zina ukurasa mwingine kwa hasara za vita na za mafuriko, lakini ukurasa ule haushuki katika pato, na hauingii katika ile namba ya matumizi kwa mia.

Mnaelewa sasa? Mtu wa mbali akifungua kitabu anaona watu wanaokula karibu yote wanayopata. Haoni kwamba walikuwa na akiba, ikachukuliwa. Namba ya mlafi na namba ya aliyeporwa zinaandikwa sawasawa kabisa, hakuna alama ya kuzitenganisha. Ndiyo maana tulisikitika siku ile baada ya makofi. Baadhi ya wenzetu waliokaa mbele, ambao tunajua nyumba zao zilipoteza nini, waliambiwa kwa upole kwamba baba zao wanakula mbegu.

Na mtu asituambie kwamba dawa ni benki tu. Tungependa benki, ndiyo. Lakini mwaka 2025 benki za Goma na za Bukavu zilifunga milango kwa sababu ya vita, na wenye akiba wakasimama inje. Akiba haitaki moyo wa kujinyima peke yake. Inataka fasi isiyoporwa.

Turudi kwa Yosefu, maana mgeni alimtaja na sisi tumemsoma tena, sura ya 41 ya Mwanzo na ile ya 47. Yosefu alishauri kuchukua sehemu moja ya tano. Lini? Katika miaka saba ya shibe. Hakusema kuchukua katika miaka ya njaa. Njaa ilipofika alifungua ghala, watu wakala. Na sura ya 47 inasimulia jinsi watu walivyotoa feza zao zote, kisha mifugo yao, kisha mashamba, mpaka wao wenyewe, kwa sababu ya chakula. Hao nao wangeandikwa katika kitabu cha PIB kwamba wanakula 100 kwa mia! Na mwishoni, kanuni ilipowekwa, tano moja ikawa ya Farao, na tano nne zikabaki kwa watu kwa mbegu na kwa chakula cha nyumba zao na watoto wao. Tano nne ni 80 kwa mia. Yosefu, mwenye akiba kuliko wote, aliwaachia wakulima maskini sehemu 80. Hatujui kama mgeni alifika sura ile. Muda wake ulikuwa mfupi na mvua ilikuwa inatisha.

Basi maharagi.

Sufuria ya saa sita si karamu. Anayekula pale ni yule aliyeamka saa kumi ya usiku, akashuka bonde moja na kupanda lingine, akafika na miguu yenye matope kabla ya kengele. Nyumbani hakula asubuhi, maana hakuna kinachobaki cha asubuhi. Tunakumbuka mwaka ule maharagi yaliliwa na mvua ya mawe na sufuria haikupikwa muhula mzima. Wengi wa wale wa mbali walipungua mmoja mmoja, na wasichana njo waliotangulia. Walimu wana daftari za mahudhurio, waziangalie kama tunasema uongo. Jengo la pili lenye mabati na benchi tupu ndani yake, katika kitabu, ni akiba. Tunaomba kamati ijiulize kama katika maisha ni akiba vilevile.

Hatusemi tule yote. Sisi si watoto. Maoni yetu, kwa heshima, ni haya. Maharagi yapimwe kwanza kwa kalasi, kwa idadi ya wanaotoka mbali, mpaka mwisho wa muhula, na mbegu ya musimu ujao itengwe kabla ya kitu chochote. Kinachobaki kiuzishwe Baraka, na feza iende kwa mabati, hata kama yatakuwa mabati matano tu mwaka huu. Mwaka wa mavuno mengi tutoe zaidi, tano moja na hata tano mbili, na sisi wanafunzi tutayabeba magunia wenyewe tukishuka, bila kulipwa, ili gharama ya pikipiki isile faida. Mwaka mbaya tusitoe kitu. Tena tungependa kamati ifikiri kama mtamba mmoja wa shule hangekuwa bora kuliko mabati yote, lakini tunajua jibu la wazee juu ya neno hilo: nani atalala naye usiku? Wana haki kuuliza. Sisi pia hatuna jibu, na njo sababu hatukuliweka mbele.

Kuna wenzetu wa kalasi ya sita wasiokubali maoni haya. Wanasema sisi tumelainika, na kwamba mabati yanadumu miaka makumi mbili wakati maharagi yanadumu mpaka saa nane. Tumewaomba waandike, na stensili ya pili tumeiacha kwa ajili yao. Bwana Prefe amekubali karatasi zote mbili zisomwe mbele ya kamati.

Karatasi ya majina iko kwa katibu wa kalasi ya tano. Anayetaka kusema siku ile aandike jina lake kabla ya Alhamisi, na wasichana pia waandike, maana mara iliyopita hakuna aliyeandika. Mzee aliyeleta shauri tumemwendea nyumbani kwake, akatupokea vizuri, akasikiliza mpaka mwisho bila kukata maneno yetu. Hakusema ndiyo wala hapana. Amesema atakuja Jumatano saa sita, na sahani yake mwenyewe, aketi pamoja na wale wa mbali.